Mshale wa RPM umelala kwenye Mazda RX-7: kabla ya kufungua dashibodi, kagua moto wa plagi za juu

Swali: Nina Mazda RX-7 ya 1983 yenye injini ya rotari 12A, ya kabureta. Mshale wa RPM (mita ya mizunguko ya injini kwa dakika) ulianza kurukaruka, baada ya wiki kadhaa ukalala kwenye sifuri na haujanyanyuka tena. Geji ya mafuta na ya joto zinafanya kazi. Gari linawaka na linatembea, ila nahisi linakunywa petroli kuliko zamani, na ekzosi inatoa harufu kali. Fundi anasema mita imekufa, anataka kufungua dashibodi atafute nyingine. Nimruhusu?

Jibu: Bado, usimruhusu. Kwenye gari hili mita ya RPM haikuungwa na mfumo wote wa moto, imeungwa na nusu yake tu. Bahati mbaya ni ile nusu ambayo hata ikifa, gari linaendelea kuwaka na kutembea. Mshale uliolala unaweza kuwa taarifa pekee utakayopewa kwamba nusu hiyo haifanyi kazi. Ungeniambia mshale peke yake ndio umelala, ningegawa shaka katikati. Ukiongeza ulaji wa mafuta na harufu ya ekzosi, shaka yangu yote inatoka kwenye dashibodi na kwenda chini ya boneti.

Chumba cha moto cha rotari ni kirefu na chembamba, na kinasogea huku moto ukiwaka. Plagi moja haitoshi kuuwasha mchanganyiko wote, ndiyo maana kila rota ina plagi mbili. Ya chini hupiga cheche kwanza, nayo Mazda huipa herufi L. Ya juu hufuata, nayo ni T. Rota zikiwa mbili, unapata L1, L2, T1 na T2. Kwenye 12A za 1981 hadi 1985 kuna koili moja inayolisha L zote mbili, na koili nyingine inayolisha T zote mbili. Kila koili ina ignita yake, kiboksi kidogo cha kukata na kuachia umeme wa koili, kilichofungwa ubavuni mwa distributa (kigawa-moto cha plagi), na wenye magari haya huziita J-109. L inafanya sehemu kubwa ya kazi, T inamalizia petroli iliyobaki. T ikifa, injini bado inanguruma na kwenye sailensi (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) ni vigumu kusikia tofauti. Petroli ambayo haikumalizwa ndani inatolewa nje, inaendelea kuungua kwenye ekzosi, na bomba linapata joto kuliko kawaida. Gari lenye kichujio cha gesi kwenye ekzosi linaweza kukiunguza kwa namna hiyo.

Waya wa mita ya RPM unatoka kwenye terminali hasi ya koili ya T. Kila ignita inapokata umeme wa koili, volti kwenye terminali ile hupanda ghafla hadi mamia kisha hushuka, na mita huhesabu miruko hiyo. Kila rota hupata moto mara moja kwa kila mzunguko wa shafti kuu, kwa hiyo rota mbili hutoa miruko miwili kwa mzunguko. Hesabu hiyo ni sawa na ya injini ya pistoni nne. (Wapo wanaosikia kwamba rota huzunguka mara moja shafti inapozunguka mara tatu, wakaanza kugawa kwa tatu. Acha. Mita inasoma shafti, si rota.) Ukiwa na maltimita inayosoma Hz (idadi ya miruko kwa sekunde), zidisha unachokiona kwa 30: Hz 25 ni mizunguko 750, yaani sailensi ya kawaida ya 12A, Hz 100 ni 3000, Hz 200 ni 6000. Namba hizi zitakufaa tena huko mbele.

Kuna jambo moja linalowapotosha hata mafundi wazoefu. Mita inahesabu ignita inavyokata umeme upande mdogo wa koili, ule unaoingiza umeme wa betri; upande mkubwa ndio unaotoa cheche. Haioni cheche yenyewe. Waya mkubwa wa plagi ukikatika, kifuniko cha distributa kikipasuka, au plagi ikifunikwa na masizi, mshale utaendelea kucheza vizuri huku T haichomi kitu. Kwa hiyo mshale unaocheza haukuhakikishii kwamba T ni nzima. Mshale uliolala ndio unaokulazimu kwenda kuiangalia.

Kipimo cha kwanza ni taa ya taiming, na kinachukua dakika tano. Injini ikiwa inanguruma, bana kishikio cha taa kwenye waya wa T1, yaani plagi ya juu ya rota ya mbele, kisha kwenye T2. Hakikisha ni waya wa plagi ya juu kwa kuufuata kwa mkono tangu plagi hadi distributa huku injini imezimwa. Nyaya za magari ya umri huu zimeshabadilishwa mara nyingi, na rangi au alama zilizobaki si za kuaminika. Taa ikimulika kwa mpigo wa kawaida kwenye zote mbili, T inapata moto na unaweza kuruka hadi sehemu ya waya na mita. Ikiwa haimuliki kabisa, au inamulika kwa kusitasita, umepata chanzo na dashibodi ibaki ilivyo.

Huna taa? Zima injini, chomoa soketi ndogo ya koili ya T, uifunge isiguse chuma, kisha washa gari. Sauti na nguvu visipobadilika hata kidogo, ulichochomoa kilikuwa kimekufa tangu awali. Usitumie ile mbinu ya zamani ya kushika waya mkubwa mbali na chuma ili uone cheche ikiruka. Volti zikikosa pa kwenda hurudi na kuipiga ignita, na huenda kosa la waya likageuka kosa la ignita palepale. Ukitaka kuiona cheche kwa macho, chomeka plagi ya akiba kwenye waya na ufunge kiwiliwili chake kwenye chuma cha injini kwa kibanio.

Sasa tuseme T imekufa, kwa sababu kwa dalili zako ndiyo ninayoitegemea. Weka maltimita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, washa swichi bila kupiga stata. Usiache swichi hivyo kwa muda mrefu. Dakika mbili zinatosha.

Terminali chanya ya koili ya T inapaswa kuonyesha karibu sawa na betri, volti 12 au pungufu kidogo. Ikiwa ni sifuri, umeme haufiki kwenye koili. Tafuta soketi iliyoungua au waya uliokatika kati yake na swichi. Mombasa, Tanga, Zanzibar na kote kwenye hewa ya chumvi, soketi hizi huota kutu ya kijani ndani huku nje zinang'aa. Zichomoe na uzitazame, usiridhike kwa kuzigusa.

Kisha pima terminali hasi ya koili hiyohiyo. Injini ikiwa imesimama ignita huwa imeachia, hivyo hapo pia utapata karibu volti 12, zilizopita ndani ya koili. Chanya ikiwa na 12 na hasi ikawa sifuri, kuna mambo mawili: ama uzi mwembamba wa ndani ya koili umekatika, ama terminali hasi inagusa chuma mahali fulani. Koili itakuambia ni lipi. Iguse kwa nje baada ya hizo dakika mbili. Ikiwa imepata joto, umeme unapita bila kukatwa. Upande mdogo wa koili una ukinzani wa kati ya omu 1 na 1.5 hivi, na volti 12 zikipita moja kwa moja ni karibu ampea 9, kiasi cha kuiunguza koili ukichelewa. Ikiwa ni baridi kabisa, uzi umekatika. Thibitisha kwa omu, swichi ikiwa imezimwa na soketi imechomolewa: kati ya chanya na hasi, koili nzima haionyeshi namba kubwa wala alama ya kutokuwa na njia. Usihangaike na pointi za desimali, kwani waya za maltimita zenyewe zina ukinzani wake. Pima koili ya L ilivyo, kisha ulinganishe.

Koili ikiwa ya moto, kabla hujailaumu ignita, tenga waya wa mita ya RPM kwenye ile terminali hasi. Wengi huiruka hatua hii. Waya huo unapita kwenye ukuta wa moto kuingia ndani ya gari, na raba inayoulinda pale kwenye tundu ikioza, bati huula taratibu. Ukishagusa chuma unaua mita na moto wa T kwa pamoja, na mtu ananunua ignita mbili bila faida. Kuruka kwa mshale kabla ya kulala, kama ulivyoeleza, ni tabia ya waya unaogusa na kuachia, ingawa hata ignita inayochoka hufanya hivyo. Ukiutenga waya na terminali hasi ikarudi kwenye 12, ignita na koili havina kosa, kosa liko kwenye waya au ndani ya mita. Isiporudi, chomoa ignita ya T. Ikirudi sasa, ignita imeshikana ndani.

Volti zikiwa sawa pande zote mbili lakini cheche hakuna, huenda ignita haikati umeme. Chukua balbu ndogo ya volti 12, ya wati 3 au 5, unganisha upande mmoja kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye hasi ya koili ya T. Mwambie mtu apige stata. Balbu ikipepesa, ignita inakata, na kosa liko mbele yake: koili upande mkubwa, kifuniko, rota ya distributa au waya. Isipopepesa, ignita imekufa au haipati ishara kutoka kwenye kihisi cha ndani ya distributa. Tahadhari moja: stata ikipigwa au injini ikizunguka, usiguse terminali hasi ya koili kwa kidole. Volti mia tatu zinazoruka pale hazitakusahaulika upesi.

Kuzitofautisha ignita na kihisi, magari ya 1981 hadi 1985 yanatusaidia: ignita ya L na ya T ni za aina moja. Zibadilishane nafasi. Toa hasi ya betri, fungua skrubu mbili za kila ignita, ivute nje moja kwa moja bila kuipinda, kwa sababu vipini vya nyuma yake ni laini. Futa uso wa nyuma na sehemu inapokaa kwenye distributa, paka grisi nyeupe ya kupitisha joto safu nyembamba kama ukucha, rudisha kila moja mahali pa mwenzake. Sasa washa. Ignita mbovu ikiwa upande wa L, gari litagoma kuwaka au litawaka kwa shida sana, lakini mshale wa RPM utatikisika unapopiga stata. Umeshajua cha kununua. Mambo yakibaki yaleyale, mshale umelala na L inafanya kazi kama kawaida, ignita zote mbili ni nzima na unaangalia kihisi cha T.

Grisi hiyo watu huiona kama urembo. Ignita hutoa joto lake kupitia kiwiliwili cha distributa, ambacho nacho kiko juu ya injini ya moto. Ikirudishwa kavu hufanya kazi asubuhi, jioni kwenye foleni inakufa, usiku ikipoa inafufuka. Mwenye gari ambaye mshale wake unalala injini ikipata joto na kuamka kesho yake asianze na waya, aanze na ignita. Ipulizie hewa moto kwa mashine ya kukaushia nywele injini ikiwa kwenye sailensi na uangalie kama mshale utaanguka. Grisi ya kawaida ya magurudumu haifai hapa, na silikoni ya kuzibia ni mbaya zaidi.

Kihisi nacho hukatika nyuzi zake mahali pamoja: ndani ya distributa, pale zinapopindika kila mara bamba la ndani linaposogezwa na kifaa cha vakyumu. 12A ina vifaa viwili vya vakyumu, kimoja cha L na kimoja cha T. Toa kifuniko, pima omu za vihisi vyote viwili, ulinganishe. Kimoja kikionyesha njia imekatika na kingine kina namba, jibu unalo. Vikilingana, endelea kupima cha T huku unavuta bamba lake kwa vidole. Omu zikiruka na kupotea, nyuzi zimekatika ndani ya ganda. Unaweza kuziunga kwa waya laini wa nyuzi nyingi. Waya mgumu wa uzi mmoja utadumu siku chache tu.

Tuje upande wa pili: taa ya taiming imemulika vizuri, T ni nzima, na mshale bado umelala. Hapa nina kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vingine kwa sababu kinagawa tatizo mara mbili bila kufungua kitu. Injini ikiwa imezimwa, tenga waya wa mita kwenye hasi ya koili ya T na uunganishe kwa muda kwenye hasi ya koili ya L. Washa gari. L nayo hutoa miruko miwili kwa mzunguko, kwa hiyo mita nzima itasoma sawasawa. Mshale ukiamka, mita na waya wake havina ubaya, rudi kwenye T. Ukibaki umelala, ni waya au mita. Usiunganishe hasi za koili zote mbili kwa wakati mmoja: kila ignita itakuwa inakata koili mbili, taiming ya L na T itachanganyika, na unaweza kuziua ignita zote. Ukimaliza, rudisha waya kwenye T.

Waya unaupima hivi. Soma Hz kwenye hasi ya koili kwa maltimita, kisha soma Hz kwenye mwisho wa waya huohuo nyuma ya dashibodi. Ukipata 25 pale na sifuri huku, waya umekatika njiani. Maltimita za bei rahisi huchanganyikiwa na mruko mkali na kutoa namba zisizotulia. Weka rizista ya kilo-omu 10 kati ya ncha nyekundu na terminali, kwa kawaida hutulia. Badala ya kufukua mkanda wote wa nyaya ukitafuta palipokatika, pitisha waya mpya wa milimita 0.75 za mraba pembeni ya ule wa zamani, uupe raba mpya kwenye ukuta wa moto, na utenge ncha zote mbili za wa zamani.

Kabla ya kufika kwenye waya, jiulize pia kama kuna mtu aliyewahi kugusa mfumo wa moto. Kapasita ya kuzuia kelele za redio inafungwa upande chanya wa koili. Nasisitiza upande: mtu akiifunga upande hasi inameza ule mruko, mita inakosa cha kuhesabu na cheche zinadhoofika. Gari likiwa limewekewa boksi la MSD 6A (boksi la kuongeza nguvu ya moto) kwenye T, waya wa mita usiunganishwe na koili tena, maana koili sasa inapigwa kwa namna nyingine kabisa. Boksi hilo lina terminali yake ya mita ya RPM, hapo ndipo waya unapokwenda. Boksi likiwa limewekwa kwenye L peke yake na T imeachwa ya kiwandani, mita haikuguswa na boksi halina hatia.

Ukifika kwenye mita yenyewe, toa hasi ya betri kwanza. Kebo ya spidomita kwenye gari hili ni ya chuma inayozunguka, inabidi iachiliwe kutoka nyuma kabla bodi ya geji haijatoka. Ukivuta kwa nguvu utavunja kishikio chake cha plastiki, na hicho hakipatikani kirahisi. Mita inahitaji vitu vitatu: umeme wa volti 12 swichi ikiwashwa, athi, na ishara. Kwa kuwa geji zako nyingine zinafanya kazi, fyuzi haina kosa, lakini pima umeme na athi pale mita yenyewe inapoupata. Mita za zama hizo mara nyingi hupokea umeme kupitia skrubu zinazoishikilia, zikibana karatasi laini ya plastiki yenye njia za shaba. Skrubu zikilegea au shaba ikishika ukungu, mita inakufa bila kitu kuungua. Zifungue, sugua shaba kwa kifutio cha penseli, futa kwa spiriti, kaza tena kwa mkono. Fanya hivi hata kama una hakika tatizo liko kwingine. Haigharimu kitu.

Ukitaka kuijaribu mita mezani, umeme wa nyumbani kwetu ni wa Hz 50, na Hz 50 mara 30 ni 1500. Tafuta transfoma ya kweli, ile nzito yenye nyuzi za shaba, inayotoa volti 12 za AC. Chaja ya simu haifai kwa sababu inatoa DC. Lisha mita volti 12 za betri kwenye umeme na athi. Upande mmoja wa pato la transfoma uunge kwenye athi, upande mwingine upitishe kwenye dayodi ya 1N4007, mstari wake ukielekea kwenye mita, hadi kwenye terminali ya ishara. Mshale ukisimama kwenye 1500, mita ni nzima na imesahihishwa vizuri, umemaliza. Usiponyanyuka, usiitupe bado: mita zilizotengenezwa kusikiliza koili nyingine huhitaji mruko mkubwa kuliko volti 17 ambazo transfoma hii inafikisha kileleni.

Mita mbovu ya kweli mara nyingi ni lehemu iliyopasuka. Miaka arobaini ya joto na mtikisiko huacha duara jembamba la ufa kuzunguka miguu ya vipuri vizito, ufa unaouona kwa lenzi tu. Ukigonga dashibodi kwa kiganja na mshale ukaamka kidogo, ni hiyo. Tumia chuma cha kulehemu cha wati 30 hadi 40, lehemu ya 60/40 ya unene wa milimita 0.8. Yeyusha kila kiungo, ongeza lehemu mpya kidogo, acha kipoe bila kukitikisa. Kapasita za maji zilizovimba au kuacha doa kwenye bodi zibadilishwe kwa mikrofaradi zilezile na volti zilezile au zaidi, na upande hasi uwe ulipokuwa. Kile kirizista kidogo cha kuzungushwa kwa bisibisi ni cha kusahihisha usomaji. Usikiguse mpaka uwe umelinganisha mshale na Hz kwenye angalau sehemu mbili, kwa mfano 1500 na 3000. Na usiusukume mshale kwa kidole kuona kama umekwama, kwa sababu nyuma yake kuna springi nyembamba kuliko unywele.

Wenye RX-7 ya kizazi cha pili, ya 1986 hadi 1991, wazo ni lilelile ila vipuri vimebadilika. Ishara ya mita bado inatoka upande wa T, lakini koili mbili za T na ignita yao zimefungwa pamoja kama kitu kimoja, na athi yake inapita kwenye bati inaposhikiliwa. Safisha rangi na kutu chini ya bolti zake kabla ya kununua chochote. Mita za 1986 hadi 1988 zina sifa mbaya ya lehemu iliyopasuka, kwa hiyo kwenye miaka hiyo sitashangaa T ikiwa nzima. Nyie wa platini, wa kabla ya mfumo wa elektroniki, badala ya ignita angalieni platini na kondensa yake. Kondensa iliyoshikana ndani inaua koili na mita kwa mpigo mmoja, kama ule waya uliogusa chuma.

Baada ya kurudisha T, pima taiming upya, hasa kama umefungua distributa. Kwenye 12A yako alama ya njano kwenye puli ni ya L, nayo inasimama kwenye kilele chenyewe, digrii 0. Alama nyekundu ni ya T, digrii 20 baada ya kilele. Pima injini ikiwa na joto, kwenye mizunguko 750, taa ikibanwa kwenye L1 kisha T1. Toa plagi za juu uzisafishe au uzibadilishe, kwa sababu zimekaa wiki kadhaa zikilowa petroli bila kuwaka.

Mita ya asili ikishindikana kabisa, ya kununua yoyote ya magari ya pistoni nne itakufaa. Kama ina kiteuzi cha silinda, kiweke kwenye 4. Fundi wengi wataiunga kwenye koili ya L kwa kuwa ni rahisi kufikia. Mwambie aiunge kwenye hasi ya koili ya T, mahali pale Mazda walipoiweka, na waya upite kwenye raba.